Mbivu za Mvumilivu Zinaliwa na Nani?



Kijana mmoja wa upande wa Matombo alinijia baada ya Misa ya Dominika na swali moja tu: "Baba, niache kazi au nivumilie?" Ni dereva mpya wa lori. Shamba alilogawiwa na ukoo wa mama yake, kwa desturi yetu ya Kiluguru, ni kipande cha mteremko kisichoweza kumlisha mke na mtoto. Ndugu zake walichanga fedha akasomea udereva, akashuka mjini. Sasa ana miezi minane akipakia mizigo Dar es Salaam na kuipeleka Tunduma. Hana mkataba wa maandishi. Hulipwa kwa safari: lori likilala gereji, naye hulala njaa. Tairi likipasuka, bei yake hukatwa katika malipo yake.

Kabla ya kunijia alikuwa amewauliza wazee wa jumuiya yake. Wote walimjibu kwa methali moja: mvumilivu hula mbivu. Walimwambia kwamba yeye bado mgeni barabarani, hana uzoefu, na hakuna atakayempa lori jingine. Basi amshukuru tajiri wake.

Naandika kuwapinga wazee hao. Nafanya hivyo kwa heshima, kwa sababu jibu lao ndilo jibu la wengi wetu, na nakiri kwamba zamani nami nilikuwa nikilitoa.

Wana sehemu ya ukweli. Leseni haimkomazi dereva. Kuteremsha lori lililosheheni katika mlima wa Kitonga, kuvuka Mikumi usiku pasipo kugonga mnyama, kupita mizani ya Mikese na kumaliza karatasi za mpakani ni mambo yanayofundishwa na njia yenyewe. Mwenye lori anayemkabidhi chipukizi mali ya mamilioni naye anajitia katika hatari. Kwa hiyo mshahara mdogo wa mwanzo, peke yake, si dhambi. Kijana angekuwa na mkataba, mshahara usioshuka chini ya kima cha chini cha sekta ya usafirishaji, michango yake ikifika NSSF, akipewa muda wa kulala na dereva mzoefu wa kumwelekeza, ningemwambia bila kusita: kaa mwaka mmoja, jifunze, halafu utazame mbele.

Lakini hayo hayapo. Anachopewa ni neno "uzoefu" tu, na uzoefu haununui unga wala haulipi kodi ya chumba. Mwaka 1891 Papa Leo wa XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Mfanyakazi akikubali malipo duni kwa kusukumwa na shida, au kwa kuogopa balaa kubwa zaidi, huyo amelazimishwa, hakukubali. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Hakuwatenga vibarua wapya.

Sheria ya nchi nayo haikuwatenga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, za ziada zikiwamo. Hasara haikatwi kiholela: lazima iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, naye apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya ujira. Basi tairi lililochakaa likipasuka, kwa nini alilipie aliyekabidhiwa likiwa limekwisha kuchakaa?

Tena kuna jambo zito kuliko fedha. Anayelipwa kwa safari hujifunza kuuona usingizi kuwa adui wa watoto wake. Ataendesha macho yakifumba. Sisi wa Morogoro tunajua lori likipinduka laweza kuzaa msiba gani: tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka hapa Msamvu, likalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba chanzo cha ajali ile kilikuwa uchovu. Nasema kwamba ajira inayomnyima dereva usingizi inagusa amri ya tano, wala si mkoba wake tu. Mtu haruhusiwi kuvumilia kwa niaba ya wale atakaowagonga.

Kwa hiyo nilimjibu: mwombe mwajiri wako mkataba na mapumziko, ukiwa na shahidi. Akikataa, ondoka. Lakini ondoka kama Mkristo. Usiliache lori njiani. Toa taarifa kwa maandishi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa siku 28. Dai cheti chako cha utumishi. Ukidhulumiwa malipo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla ya siku 60 kupita. Na wakati wote huo usijilipe kwa siri kwa kufyonza mafuta ya tajiri na kuyauza vichakani. Dhuluma haifuti dhuluma, na siku ya kudai haki yako utafika na mikono michafu.

Mwezi wa Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchini, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Basi kijana huyu si mlalamishi wa peke yake. Atafute chama cha wafanyakazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwisho, neno kwa wenye malori tunaosali nao. Ninyi huchangia ujenzi wa makanisa yetu, nasi huwashukuru mbele ya altare. Je, tofali hilo limetoka katika faida yenu, au katika makato ya tairi? Mungu hahitaji paa lililoezekwa kwa njaa ya mtoto wa Matombo. Nasi mapadre tusipouliza, tumekula mbivu hizo pamoja nanyi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Ni nani katika jumuiya yetu anayefanya kazi bila mkataba? Tumemsaidiaje?
2. Ni nani kati yetu aliyeajiri mtu, hata msaidizi wa nyumbani, bila mkataba?
3. Kijana akiacha kazi ya dhuluma, jumuiya itamtegemeza vipi mpaka apate nyingine?