Mshairi wa Miaka 25 na Wapagazi Wetu



Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Tarehe 4 ya mwezi huo, mwaka 1918, mshairi Mwingereza Wilfred Owen aliuawa vitani akiwa na miaka 25. Baadhi yetu mafrateri wa falsafa tuna umri huohuo.

Owen naye aliwahi kuufikiria utumishi wa Kanisa. Kuanzia 1911 hadi 1913 aliishi kwa mchungaji wa Kianglikana kijijini Dunsden, akimsaidia kazi. Alitembelea wagonjwa na maskini, akaona wanapewa maneno mengi kuliko msaada. Akaondoka. (Walezi wetu wangeandika nini kwenye ripoti yake?) Mwaka 1915 akajiunga na jeshi, na mapigano ya Ufaransa yakamvuruga hata akalazwa hospitali huko Scotland.

Katika shairi lake moja Abrahamu anamsikia malaika, lakini anamchinja Isaka hivyohivyo. Wapo watakaosema ni kufuru. Sisi tunasikia ukali wa nabii: anawalaumu wazee waliokubali kuwatoa vijana wao sadaka kuliko kukitoa kiburi chao.

Alirudi vitani 1918, akauawa kwenye mfereji karibu na Ors, Ufaransa. Simu ya kifo chake iliwafikia wazazi tarehe 11 Novemba, kengele za amani zikilia.

Huku kwetu vita ileile haikuisha siku hiyo. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilisalimu amri tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Kikosi chao kimeacha jina Kariakoo, tunakoenda kununua viatu. Owen ana kaburi lenye jina na vitabu vyenye jina. Wao wengi hawana hata kimoja, wala hawakupata wa kuwaandikia shairi.

Nasi tunaojiandaa kuhubiri kwenye mazishi tuna haraka mno ya kusema "ni mapenzi ya Mungu". Kwa mpagazi aliyeachwa njiani, maneno hayo hatuyawezi.

Kwa hiyo tunawaomba waamini wa Misigiri: kama katika ukoo wenu yupo babu aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, leteni jina lake sakristia kabla ya tarehe 2 Novemba. Hata kama mnalijua jina la utani tu, litasomwa.