Ndege Ikianguka Kuna Ripoti. Gesi Ikilipuka Je?

Wanangu wa Mnarani, na nyinyi wa Nairobi mnaosoma hii ndani ya matatu, leo sichekeshi.

Kaa hapa kando ya barabara nusu saa tu, uhesabu. Malori ya mafuta, malori ya mitungi ya gesi, yote yanapita daraja la Kilifi kwenda Malindi. Moja likipinduka likawaka, nani atakuja kuchunguza? Sijasema kuzima moto. Kuchunguza: kutuambia kwa maandishi moto ulianzia wapi, nani alijua mapema, na nini kibadilike ndio isitokee Mtwapa mwezi ujao.

Watakuja wengi. Polisi, wanasiasa, makamera. Lakini kuna yeyote ambaye hiyo ndiyo kazi yake pekee? Hakuna.

Januari 10, 2025, ndege ndogo ilianguka Kwa Chocha, Malindi. Watu watatu waliokuwa chini wakafa, hawakuwa hata abiria. Kwa ajali kama hiyo tuna AAID, idara ya serikali ambayo kazi yake ni kuchunguza ajali za ndege. Kanuni za kimataifa zinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na lengo si kutafuta wa kufunga, ni kuzuia nyingine. Safi kabisa. Sasa mbona anayekufa kwa gesi hana idara?

Angalia Embakasi. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka mtaa wa Mradi. Watu zaidi ya 200 walijeruhiwa, wengine wakafa. EPRA ikasema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi pale mara tatu mwaka 2023, sababu moja ikiwa watu ni wengi mno karibu. Sawa, mlikataa. Na gesi ilikuwa inafanya nini pale? NEMA nayo ikakiri leseni yake ilitolewa isivyofaa, maafisa wanne wakasimamishwa kazi. Yaani ofisi iliyotoa leseni ndiyo inajichunguza. Wazee walisema zamani: kesi ya ngedere hakimu nyani.

Kabla ya hapo, Sachangwan, Januari 2009. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakachota, likawaka, zaidi ya 100 wakafa. Sinai, Nairobi, Septemba 2011: mafuta yalivuja kutoka kwa bomba, moto ukapita katikati ya mabanda. Muulize mtu yeyote nini kilitokea, atakwambia "si walienda kuchota mafuta." Hapo ndipo uchunguzi wetu huishia, kwa kulaumu maiti. Swali la bomba lilivujaje halifiki mtaani.

Na msiseme haya ni ya bara. Owino Uhuru iko hapa Mombasa. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu kupata madini ya risasi, na sumu ikaingia kwa damu ya watoto. Nani aligutusha nchi? Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi pale pale, mtoto wake akapatikana na sumu hiyo. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu hiyo miaka. Mama mmoja alifanya kazi ya idara nzima, tena akitishwa.

Najua kuna mtu atakuja na "lakini DOSHS wapo." Wapo, ndiyo. Ila wao ndio husajili mahali pa kazi na kukagua usalama wake. Ajali ikitokea, swali la kwanza ni kama ukaguzi ulifanyika vizuri. Nani ajiulize hilo mwenyewe ajibu "hapana"?

Mwingine atasema pesa hakuna. Marekani wana CSB, bodi ndogo isiyotoa leseni wala kutoza faini. Kazi yake ni kuchunguza ajali za kemikali na kusema ukweli hadharani. Kiwanda cha mafuta cha BP kilipolipuka Texas City mwaka 2005 wakafa watu 15, bodi hiyo haikuishia kwa mfanyakazi wa zamu. Ilipanda hadi kwa wakubwa waliobana matumizi. Na video zao ziko YouTube, bure, hata mimi niliyeacha chuo nazielewa.

Serikali hii hii ndiyo ilitaka kutujengea kinu cha nyuklia Uyombo. Watu wakaandamana wakaambiwa hawaelewi teknolojia. Tunaielewa vizuri. Tusichokielewa ni vipi mtu asiyeweza kutueleza mtungi wa gesi atatueleza kinu.

Kwa hivyo ninachotaka ni kimoja: sheria ya kuunda idara huru ya kuchunguza ajali za mafuta, gesi na kemikali, isiyotoa leseni yoyote, na ripoti zake zitoke hadharani, kwa Kiswahili pia.

Wakati tunangoja, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuuliza, na ofisi ina siku 21 kujibu. Mimi naandika barua wiki hii: ni wapi Kilifi gesi na kemikali zimewekwa, na nani alikagua mara ya mwisho? Jibu likija nitalipost lote. Lisipokuja, nitapost siku ya 22.