Kabla ya Kulaumu Mtandao, Tupige Hodi

Muhula uliopita niliikataa kazi ya mwanafunzi wangu mmoja. Alidai kwamba usiku wa kuiwasilisha mtandao ulikatika. Nami, kwa kiburi kituingiacho walimu tukishazoea visingizio, nikampa sufuri.

Asubuhi yake fundi wa maabara aliketi mbele ya tarakilishi yangu, akaandika neno moja, ping, na anwani 127.0.0.1. Mashine ikajijibu yenyewe. Akaiita ruta, ikaitika. Akaiita mashine tunamohifadhia kazi za wanafunzi. Ruta ikarudisha ujumbe kwamba huko hakufikiki. Kijana alisema kweli, na hitilafu ilikuwa katika jengo letu wenyewe.

Programu hiyo iliandikwa na Mike Muuss mnamo Desemba 1983, katika maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani huko Maryland. Jina alilitoa kwenye mlio wa vyombo vya nyambizi vinavyosaka vitu majini kwa mwangwi. Hutuma pakiti fupi ya kuomba mwangwi, kisha huhesabu milisekunde hadi jibu lirejee. Sisi wanaisimu hatuna haki ya kushangaa. Mwaka 1960 Roman Jakobson alieleza kwamba lugha ina dhima ya kuhakikisha tu kuwa njia ya mawasiliano i wazi. Mswahili naye ana hodi.

Na majibu ya hodi si mamoja. Kuna "karibu". Kuna jirani anayekwambia kwamba kwa mwenyewe hakupitiki, kama ruta ile. Kisha kuna kimya, na hapa ndipo wengi hukosea: mashine nyingine zimeamriwa zisiitikie mwangwi ilhali zinafanya kazi barabara. Kimya si ithibati ya kifo.

Hata muda wa jibu una habari yake. Setilaiti za mawasiliano zilizotuhudumia kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 zilikuwa kilomita 36,000 juu yetu. Hodi na jibu lake huvuka umbali huo mara nne, takriban nusu sekunde, na hapana fundi awezaye kuipunguza, kwani hata mwanga hauendi kasi zaidi.

Yote haya nimeyaeleza kwa Kiswahili bila taabu kubwa. Mbona basi tunawakaririsha wanafunzi majina ya Kiingereza ya sehemu za tarakilishi, wasijue kuiuliza swali hata moja? Mwenzangu mmoja hunijibu kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Ni kweli, ila mtihani huo haukunizuia mimi, mwenye shahada ya uzamifu, kumhukumu mtoto wa watu bila ushahidi.

Nilimwomba radhi, nikamrejeshea alama zake. Fundi bado hajaniambia ni nani aliyeung'oa waya.