Dawa Zinataka Chakula: Wito kwa Watu wa Maganzo

Nawaandikia kuhusu wenzetu wanaomeza dawa za kifua kikuu, na hasa kuhusu matumbo yao.

Vijana wetu hawatulii mahali pamoja. Leo mtu anachekecha mchanga wa almasi jirani na Mwadui, mwezi ujao yuko Mwakitolyo kwenye dhahabu, baadaye Nyarugusu kule Geita. Vumbi la mwamba unaopondwa likivutwa miaka mingi huharibu mapafu, na mapafu ya namna hiyo hushindwa upesi na TB. Dawa zipo, hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, na zinaponya. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: dawa 4 zilizochanganywa pamoja kwa miezi 2, kisha dawa 2 kwa miezi 4.

Lakini miezi 6 ni mirefu kwa tumbo. Wiki za mwanzo huja kichefuchefu, kiungulia, ugali kukosa ladha. Mgonjwa akianza kupata nafuu, njaa humrudia kwa nguvu, kwa sababu mwili unadai kilo ulizopoteza. Wakati huohuo hana nguvu za kushuka shimoni, na asiyeshuka hapati mgao. Ndipo unasikia: "Dawa hizi zinataka chakula, mimi chakula sina." Anaruka siku moja, halafu tatu. Vimelea vilivyobaki vinapata nafasi ya kuzoea dawa, na TB sugu ni ngumu zaidi kutibu.

Wewe unayemeza, usiache dawa kimyakimya. Dawa hizi hufanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, ila zikikuchafua moyo, mweleze mhudumu wa kituo. Anaweza kukuruhusu umeze baada ya kula kidogo, au usiku kabla ya kulala. Kikombe cha uji mwepesi wa mtama au kipande cha kiazi kitamu kinatosha. Chapati na vya kukaanga viache hadi baadaye. Kula kidogo kidogo mara nyingi badala ya sahani moja kubwa jioni. Na chakula cha kukujenga kiko hapahapa Kishapu: choroko, dengu, karanga, majani ya kunde, na dagaa wanaoletwa kutoka Mwanza. Vidonge vya kiungulia usijinunulie dukani ukavimeza pamoja na dawa, maana baadhi huzuia dawa isiingie mwilini sawasawa. Gongo na pombe nyingine ziache kabisa, kwa sababu ini tayari lina mzigo.

Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe. Ni dawa tu. Kinachotakiwa kukutisha ni macho kuwa ya njano, kutapika kusikokoma, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Hapo usimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa, na uende kituoni siku hiyohiyo. Dada unayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, sema mapema: dawa ya TB hupunguza nguvu yake.

Sasa nawageukia ninyi wengine, maana mgonjwa peke yake hawezi. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na Dakta Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wetu kujenga utaratibu wa kumsimamia mgonjwa na kumfuatilia kwenye daftari hadi apone. Dunia iliuiga. Nchi iliyoonyesha njia hiyo haifai kumwacha mtu akatishe dawa kwa kukosa maharage.

Mama lishe, unamjua mteja wako aliyekonda na kukohoa. TB haiambukizwi kwa sahani wala kikombe. Hupita hewani, na mtu aliyemeza dawa kwa ukamilifu wiki kama mbili kwa kawaida hatari yake imeshuka sana. Usimtengee kona. Mwekee uji asubuhi na umwandikie deni, naye jirani mmoja au wawili wachangie.

Mwenye duara, yaani shimo la kuchimba, mwachie kijana wako nafasi yake. Mpe kazi ya juu isiyo na vumbi akiwa na nguvu, na mpunguzie zamu akiwa hana. Mpe ruhusa ya siku ya kliniki bila kumkata mgao. Na akitaka kuhamia machimbo mengine, mwambie kwanza apite kituoni aandikiwe uhamisho, ili huko aendako akute dawa zake zinamsubiri.

Viongozi wa vitongoji, mwiteni mhudumu wa afya ya jamii mkutano ujao, na mumpe nafasi ya kusema mapema, watu wakiwa bado wengi.