Mtoto akisema ameona la ajabu, muulize vipi?

MTOTO akirudi nyumbani na kisa kisichoaminika, wazazi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaomkaripia aache uongo, na wapo wanaomzonga kwa maswali mpaka kisa kinakuwa kikubwa kuliko alivyokileta. Tukio la Zimbabwe mwaka 1994 linaonyesha hasara ya njia zote mbili.

Ilikuwa Septemba 16, katika Shule ya Ariel iliyopo Ruwa, nje kidogo ya jiji la Harare. Walimu walikuwa kwenye kikao na wanafunzi wako nje kwa mapumziko. Baadaye watoto 62 walisema wameona chombo king’aacho karibu na vichaka nje ya uwanja. Baadhi yao walisema wameona pia kiumbe aliyevaa nguo nyeusi, mwenye macho makubwa.

Cynthia Hind, mtafiti wa kujitegemea aliyekusanya taarifa za visahani vya angani barani Afrika kwa miaka mingi, alifika siku chache baadaye. Kabla hajafika, alimwomba mwalimu mkuu awape watoto karatasi wachore walichokiona. Hilo lilikuwa jambo zuri. Lakini watoto aliwahoji kwa vikundi, mmoja akijibu huku wenzake wakisikia.

Ubishi wa watafiti hao unaanzia hapo. Wanaoamini husema watoto wengi kiasi hicho hawawezi kutunga uongo mmoja. Wanaopinga hujibu kuwa watoto walikuwa wamekwishasimuliana, na wanaohojiwa pamoja huokota maneno ya wenzao bila kujua. Tena siku mbili kabla, mabaki ya roketi yalionekana yakiwaka kwenye anga la kusini mwa Afrika, na habari za vyombo vya ajabu zikawa midomoni mwa watu.

Mwishoni mwa mwaka akaja Dk John Mack, daktari wa akili kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Aliwasikiliza watoto kwa upole, na baadhi wakamweleza kuwa viumbe wale waliwapa ujumbe kwamba binadamu anaiharibu dunia. Wakosoaji wanasema ujumbe huo haukusikika katika mahojiano ya mwanzo, na kwamba Mack alikuwa tayari ametoa kitabu kuhusu watu wanaodai kuchukuliwa na viumbe wa aina hiyo. Watetezi wake wanasema mtoto mwenye hofu hufunguka taratibu, akishamwamini anayemuuliza.

Wengi wa waliojitokeza ukubwani wanashikilia kuwa waliona. Mabishano hayaishi, kwa sababu maelezo ya kila mtoto peke yake, kabla hajasikia ya mwenzake, hayakuandikwa siku ileile.

Nyumbani mambo hayo yanawezekana bila utaalamu wowote. Mtoto akae na mzazi mmoja, mbali na ndugu zake. Aulizwe, “Ilikuwaje?” na siyo, “Alikuwa na macho makubwa?” Swali la pili limeshampa jibu. Aachwe amalize, hata akinyamaza kidogo katikati. Kama ni mdogo, achore. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Asirudiwe swali lilelile mara tatu, maana atadhani jibu la kwanza lilikuwa kosa na atatafuta lingine la kumridhisha mkubwa.

Pia asichekwe. Leo kisa ni cha chombo angani, kesho kinaweza kuwa cha mtu mzima aliyemshika vibaya njiani. Aliyechekwa leo hatasema kesho. Na aliyelishwa maneno na wakubwa, hata akisema kweli, ushahidi wake utatiliwa shaka siku anapouhitaji zaidi.