Mzee wa jandarmeri anapozikwa, ni nani anasimulia vita vyake?

Matanga ya mzee aliyekuwa askari yana desturi yake hapa Lubumbashi, iwe Karavia, Katuba ama Kenya. Picha yake ya ujana inawekwa juu ya meza penye kitambaa cheupe. Mtoto wa kwanza anasimama na karatasi, anasoma: marehemu alizaliwa mwaka huu, alibatizwa, alioa, aliacha watoto kadhaa, wajukuu kadhaa na vitukuu. Halafu inakuja sentensi moja, "alitumikia taifa", na kwaya inaanza kuimba.

Katika maneno hayo mawili inapita miaka 40 ya maisha ya mtu. Na kwa wazee wa Katanga swali ni zito: taifa gani?

Tuchukue kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati Moïse Tshombe alipotangaza uhuru wa Katanga, tarehe 11 Julai 1960. Leo angekuwa amepita miaka 80. Aliingia jandarmeri ya Katanga, akapigana na askari wa Umoja wa Mataifa humu humu mjini mwaka 1961. Januari 1963 Katanga ikaanguka, na wenzake wengi wakavuka mpaka kuingia Angola. Mwaka 1964 Tshombe akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, akawaita warudi, wakavaa yunifomu ya jeshi la taifa lile lile walilokuwa wakilipiga. Baada ya maasi ya Kisangani, mwaka 1966 na tena 1967, waliobaki hai walijua kwamba kwa Mobutu hawana nafasi.

Angola tena. Huko Wareno waliwatumia dhidi ya waliopigania uhuru wa nchi ile. Mwaka 1975 walikuwa upande wa MPLA. Machi 1977 wakaingia kwao, jimbo likiitwa Shaba sasa, chini ya FNLC ya Nathaniel Mbumba; Mobutu akaokolewa na askari wa Morocco. Tarehe 13 Mei 1978 wakateka Kolwezi. Siku sita baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. (Hao wa miavuli walitengenezewa filamu kwao mwaka 1980.) Na mwaka 1997, watu wa kundi hilo, wazee pamoja na watoto waliozaliwa uhamishoni, walitoka Angola wakasaidia AFDL ya Laurent-Désiré Kabila kumwondoa Mobutu.

Mtu aliyepita humo hawezi kuelezwa kwa sentensi moja. Lakini familia nyingi zinanyamaza, na sababu inaeleweka. Enzi za Mobutu, kuwa na baba ama kaka upande wa pili wa mpaka kulitosha kuleta askari mlangoni. Watoto walifunzwa kusema baba yuko safarini. Woga wa namna hiyo haufi siku mtawala anapokimbia.

Kuna sababu nyingine, isiyotajwa sana chini ya hema la matanga. Jandarmeri ilichoma vijiji vya Waluba wa kaskazini ya Katanga, na mwaka 1961 maelfu na maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa humu mjini. Kolwezi mwaka 1978 raia wengi waliuawa, Weusi na Wazungu. Katika viti vya plastiki vya matanga anaweza kukaa jirani ambaye mama yake alilala katika kambi ile. Amekuja kulia na wenzake, kwa sababu mzee alikuwa jirani mwema, aliyeamua ugomvi wa vijana na kulipia mtoto wa mwingine masomo. Yote mawili ni kweli. Kumpenda baba hakuhitaji kufuta mojawapo, na jirani yule anastahili zaidi ya "alitumikia taifa".

Serikali nayo imechagua wa kuwakumbuka. Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alipokuja, huko Kinshasa alimvisha nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyepigana Vita Kuu ya Pili katika Force Publique. Ilikuwa haki yake, ingawa ilichelewa sana. Mfalme alifika Lubumbashi pia, akazungumza chuo kikuu. Kwa wazee wa jandarmeri nishani haitazamiwi kutoka popote: Ubelgiji iliwafunza bila kuitambua nchi yao, na Kinshasa imewaita waasi, halafu askari, halafu waasi, halafu wakombozi. Kwa hiyo kazi inabaki kwa watoto.

Na inaharakisha. Kadi za kijeshi zinaliwa na mchwa ndani ya masanduku ya bati. Picha ambazo hazikuandikwa jina nyuma, baada ya mazishi hakuna tena anayewajua wale vijana waliosimama kando ya mzee. Bado wako wajane. Wao walivuka kwa miguu upande wa Dilolo na mtoto mgongoni, walipika kambini Angola, wanajua nani alikufa wapi na nani alirudi bila kusema alichokiona. Kwenye matanga wanakalishwa mkekani na kuambiwa wapumzike, huku karatasi ikisomwa na mtoto aliyezaliwa baada ya yote hayo.