Tupime Kwanza, Ndipo Tuhukumu

Trekta kuukuu likianza kuonyesha presha ndogo ya oili, mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili, na yote mawili ni makosa. Ama dereva hufumba macho akaendelea kulima mpaka injini ikwame. Ama fundi hutamka kwamba krenki imekwisha, na ofisa mhusika, bila kuuliza swali hata moja, hutia sahihi injini ifunguliwe au trekta liandikwe kuwa bovu. Wa kwanza huua mashine kwa uzembe. Wa pili huiua kwa kalamu.

Azimio la Iringa la mwaka 1972 lilisema siasa ni kilimo. Halikusema kilimo ni kukisia. Rukwa ni miongoni mwa mikoa minne, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ambayo kwa miaka mingi imetegemewa kulisha nchi. Mvua za Ufipa hazimsubiri mtu. Trekta likilala wiki tatu likingoja beringi kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, shamba hurudi kwenye jembe la mkono, na mara nyingi jembe hilo limo mikononi mwa mama.

Geji si hakimu, ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Tuchukue Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Presha inayotakiwa ni paundi 30 hadi 60 kwa inchi ya mraba, injini ikiwa imepata moto na inazunguka kwa kasi ya kazi. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya baridi oili huwa nzito, na mshale hupanda hata katika injini iliyochoka. Anayepima alfajiri tu anajidanganya. Naye anayeshtuka mshale unaposhuka kiasi injini ikinguruma taratibu bila mzigo, anajitisha bure.

Utaratibu unajulikana. Kwanza, injini izimwe na kijiti cha oili kichomolewe. Oili ikiwa imepungua, iongezwe, na itafutwe inakovujia. Ikiwa imezidi na inanuka dizeli, yaelekea kiwambo cha pampu ya kuvuta dizeli kimetoboka, na dizeli imeifanya oili kuwa nyepesi. Dawa yake ni kiwambo na oili mpya, si krenki. Pili, ifungwe geji nyingine iliyo nzima mahali pa ile ya zamani. Ikisoma vizuri, mgonjwa alikuwa geji. Tatu, chujio na oili vibadilishwe, kwa oili ya uzito uliotajwa katika kitabu cha mashine. Nne, sampu ishushwe, watazamwe wavu, pampu na vali ya kuachia presha. Beringi na krenki zishtakiwe mwisho.

Wapo watakaosema kwamba oili nzito zaidi hupandisha mshale. Ni kweli, hupandisha. Lakini beringi iliyolika haiponi kwa oili nzito. Mshale umehongwa tu useme uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wapo pia watakaosema kwamba geji ya kupimia ni ghali. Ni ghali kuliko injini?

Ndugu watumishi wa umma, msitie sahihi ombi lolote la kufungua injini lisiloambatana na vipimo vilivyoandikwa: kiasi na harufu ya oili, presha injini ikiwa baridi, na presha ikiwa imepata moto. Nanyi walimu, mnaofundisha msukumo wa vimiminika ubaoni, wapelekeni vijana kwenye trekta lililolala kijijini, wakasome somo hilo hilo kwa macho na mikono yao.

Kuwa na trekta kuukuu si aibu. Aibu ni kulizika likiwa hai.